Sakafu ya Ziwa

Mtu wa Ngara hana ziwa kubwa mbele ya mlango wake, lakini udongo wake umo ndani ya ziwa hilo. Mto Ruvuvu huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na tope la mashamba ya milimani husafiri na maji hata Ziwa Viktoria, likatua mahali ambapo jicho halifiki. Biharamulo nayo ilikuwa na ufuko wake hata ilipokatwa wilaya ya Chato mwaka 2005.

Wavuvi wa kale walipima kina kwa jiwe na kamba. Jiwe likirudi na matope walijua. Likigonga mwamba mkono uliarifiwa. Chombo cha leo hufanya kazi ile ile kwa sauti. Mlio hutumwa chini, ukaenda majini mwendo wa karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu nane katika mia za sekunde, kina ni mita 60. Mwamba hujibu kwa nguvu, tope hujibu kwa unyonge. Kwa sauti nzito, ipenyayo hata tope lenyewe, Thomas Johnson na wenzake walisoma tabaka za chini, na mwaka 1996 wakatangaza ajabu: ziwa hili lilipata kukauka, likajaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita. Palipo na sangara leo palikuwa nchi kavu!

Walakini sauti haisemi ni samaki gani akaaye penye mwamba. Kazi hiyo ni ya kamera, na kamera ina adui, nao ni uchafu wa maji. Adui huyo ni wa samaki pia. Furu wa miambani wana rangi nyingi, na jike humchagua dume kwa rangi yake. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakitiwa giza rangi hazitambulikani, na aina zilizokuwa mbali huchanganyika. Tope liipofushalo kamera humpofusha bibi harusi.

Tena kuna jambo ambalo sauti na picha hazilionyeshi vema. Miezi ya joto, maji ya juu hukaa juu ya maji ya chini kama mafuta, na huko chini oksijeni huisha. Ramani huonyesha nyumba nzuri ya samaki, kumbe mwenyewe amehama. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni hakina budi kuteremshwa pamoja na kamera, tena si mara moja, bali kiangazi na masika.