Mkono wa Kulia wa Mama: Safari ya Nairobi



Mama yetu alipatwa na kiharusi mwezi wa Shaaban. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu alirudi nyumbani akisema vizuri na akitembea kwa kushikwa, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa kama si wake. Tangu hapo alikataa kula mbele ya watu. Sinia likiwekwa, yeye husema ameshiba. Ramadhani nzima ikapita hivyo, ndipo tukafahamu: aliyetufundisha sote kula kwa mkono wa kulia alikuwa akiona haya kutumia wa kushoto. Ustadhi wetu alimweleza kwamba mwenye udhuru hana lawama. Alisikia, lakini haya haikumtoka.

Jamaa mmoja alitushauri tumtafute mtaalamu wa tiba kazi. Jina hilo lilitubabaisha, kwani Mama hana ajira. Baadaye tulielewa kwamba kazi hapa ni shughuli za kila siku: kuvaa, kuoga, kula, kupika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hushughulikia zaidi nguvu na mwendo wa kiungo. Huyu huuliza kiungo hicho kitamfaa mgonjwa kwa jambo gani, na kikishindwa, ni njia gani nyingine ifuatwe. Tukaamini kwamba mtu wa namna hiyo hupatikana Nairobi tu.

Tulipanda treni Miritini asubuhi, tukashuka Syokimau mchana, kisha tukachukua treni ndogo hadi katikati ya jiji. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933. Mama alisali kitini.

Kesho yake tulianza msako katika mitaa ya magharibi. Mahali pa kwanza palikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Tulimpandisha Mama ngazi kwa ngazi. Bwana tuliyemkuta aliukanda mkono kwa mafuta nusu saa, akapokea fedha, na tulipomwomba kuiona leseni yake akabadilisha mazungumzo. Jioni mwenyeji wetu, ambaye ni muuguzi, alitueleza kwamba sheria ya mwaka 2017 inawataka wataalamu wa tiba kazi wasajiliwe na wawe na leseni. Kuiulizia si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa.

Yeye ndiye aliyetuelekeza Hurlingham, kwa binti mmoja aliyesomea kazi hiyo KMTC, chuo kilicho jirani na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Leseni yake ilikuwa ukutani. Alimwamkia Mama, akaketi mbele yake, wala hakuugusa mkono kwanza.

"Mama, ni jambo gani unalotamani zaidi kulifanya mwenyewe?"

Tulitazamia atasema kula. Mama akajibu, "Kutawadha, mwanangu. Nimechoka kutiwa udhu kama maiti."

Hatukuwa na la kusema. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukimwosha upesi upesi, tukidhani tunamhurumia.

Binti yule alimketisha kwenye kigoda mbele ya mfereji wenye mpini mrefu unaofunguka kwa kiwiko. Alimfundisha kuuongoza mkono wa kulia kwa wa kushoto hadi chini ya maji. Kisha akazungushia kitambaa mpini wa kijiko uwe mnene, na kuweka kitambaa kibichi chini ya sahani isiteleze. Vyote hivyo ni vitu vya nyumbani. Kwetu alikuwa na agizo moja: "Msimfanyie analoweza kulifanya polepole."

Tulipomuaga akauliza kwa nini tumefunga safari yote hiyo, ilhali Hospitali Kuu ya Pwani, pale pale Mombasa, ina idara ya tiba kazi. Tuliinamisha vichwa. Miezi ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo yenye matumaini makubwa ya kiungo kurejea, nasi tuliipoteza kwa kutouliza jirani. Basi, ndugu zetu, mgonjwa wenu aruhusiwapo kutoka hospitali, ulizeni siku hiyo hiyo: tiba kazi iko wapi? Na anayehitaji kiti cha magurudumu, shirika la APDK, lililoanzishwa 1958, lina karakana zake Bombolulu.

Ijumaa iliyopita Mama alitawadha mwenyewe. Alichukua karibu robo saa, nasi tulisimama nje ya mlango, mikono tumeifumbata, tukisikiliza maji. Mchana aliketi nasi kwenye sinia, kijiko chake mkononi, akasema wali umepungua chumvi.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu wote, na atujaalie subira ya kuwangojea. Amin.