Hirimu Zangu wa Ulingoni

Kaoru Matsumoto alizaliwa Novemba 1960 huko Kumagaya, kaskazini ya Tokyo. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo, Mombasa. Hatujapata kuonana wala hatutaonana, lakini kwa umri ni hirimu yangu. Dunia inamjua kwa jina lake la ulingoni kwenye mieleka, Dump Matsumoto, na katikati ya miaka ya themanini huenda hakukuwa na mwanamke aliyechukiwa Japani kama yeye. Wajukuu zangu wamemjua juzi tu, kupitia tamthilia ya Netflix ya 2024 inayosimulia maisha yake. Waliponijia na lile swali la siku zote, "Nyanya, si haya ni maigizo tu?", niliwaambia wanyamaze kwanza walitazame pambano lenyewe.

Pambano ninalolisema ni la tarehe 28 Agosti 1985, katika ukumbi wa Osaka-jo. Upande mmoja alikuwa Dump: mwili mkubwa, nywele zilizopaushwa, uso uliochorwa rangi, mnyororo mkononi. Upande wa pili alikuwa Chigusa Nagayo, mwenye umri wa miaka ishirini, nusu ya jozi ya Crush Gals iliyokuwa ikiimba, kutoa sahani za santuri na kupiga mateke ya karate kwenye televisheni ya Fuji. Sharti lilikuwa moja: atakayeshindwa ananyolewa kichwa pale pale, mbele ya watu.

Watu wenyewe ndio wa kutazamwa. Ukumbi umejaa wasichana wa shule. Akina baba wenye sigara, ambao ndio waliokuwa wakifuata mieleka ya wanawake zamani, hapa hawaonekani sana. Wamejaa watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na tano, wanaorusha utepe wa karatasi za rangi na kumpigia Dump kelele za "Kaere! Kaere!", yaani rudi kwenu. Refa aliyezoeleka katika mapambano ya kundi la Dump ni Shiro Abe, ambaye upendeleo wake nchi nzima iliujua. Chigusa akimbana mtu sakafuni, mkono wa refa unasitasita kama wenye baridi yabisi; akibanwa yeye, unagonga upesi. Ukiwa mtoto wa shule, huyo humwoni kuwa refa. Unamwona mwalimu wa nidhamu.

Chigusa alivuja damu kipajini. Silaha za Dump zilikuwa zile zile zilizomletea jina, vitu vya jikoni na vya karakana ambavyo hakuna mama angependa binti yake ashambuliwe navyo. Kinachonishika mimi zaidi ni namna Chigusa alivyokuwa akiinuka. Hainuki kishujaa. Anainuka vipande vipande: goti, kiganja, kamba, halafu macho yanamtafuta adui aliko. Hapo ndipo wale wasichana wanapopagawa. Akashindwa. Akakalishwa kwenye kiti, mashine ikapita kichwani, na watoto wakalia kama waliofiwa.

Sisi tuliosoma enzi zile za nywele fupi kwa amri tunajua kidogo nini maana ya kunyolewa na mwenye mamlaka juu yako huku wenzako wakitazama.

Sasa lile swali la maigizo. Mshindi alipangwa, ndiyo. Damu haikupangwa iwe rangi, na nywele hazikuwa za bandia. Isitoshe, kampuni yao, All Japan Women's, iliyoanzishwa na ndugu wa ukoo wa Matsunaga mwaka 1968, ilikuwa na mila ya ajabu: kwa wasichana wapya, mara nyingi mwisho wa pambano haukupangwa kabisa. Mlicheza mpaka mahali fulani, kisha kila mmoja akajaribu kikwelikweli kumbana mwenzake mabega chini. Chigusa na Dump walipitia tanuri hilo pamoja, kwani wote wawili waliingia ulingoni mwaka 1980. Walikuwa kundi moja la wanagenzi, wakiishi chini ya makatazo matatu: pombe, sigara na wanaume. Kwa hiyo msiniambie walikuwa wageni wawili waliokutanishwa na mwandishi wa hadithi. Chuki ile ya ulingoni ilisimama juu ya miaka ya kujuana.

Palikuwa na sheria nyingine iliyonikera kuliko makatazo yote. Ukifika miaka ishirini na sita, au karibu na hapo, unastaafishwa. Msimamo wa kampuni ulikuwa kwamba washabiki ni wasichana wadogo, wanataka kuwaona dada zao, si mama zao. Na nje ya ulingo Japani ilikuwa na mzaha wake wa kumfananisha binti na keki ya Krismasi, ambayo tarehe 25 ikipita haina mnunuzi. Mzaha ule na sheria ile ni mama mmoja baba mmoja.

Hebu tazameni tarehe. Julai 1985, mwezi mmoja kabla ya Osaka, Nairobi yetu ilijaa wanawake wa dunia nzima waliokuja kwenye mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake. Wanaharakati walikusanyika Chuo Kikuu, magari yakawa hayapiti. Japani ilifika ikiwa imeridhia mwezi Juni tu ule mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, na ili iuridhie ilibidi kwanza, mwezi Mei, ipitishe sheria ya usawa kazini. Sheria ile ilikataza kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ameolewa au amezaa. Kwenye kuajiri na kupandisha vyeo, ikaishia kuwaomba waajiri wajitahidi. Wajitahidi! Nimefanya kazi ofisini miaka mingi, najua neno hilo huwa linafunika nini.

Basi wale watoto wa Osaka waliokuwa wakilia walikuwa wakiona nini? Nadhani waliona mtu wa rika la dada zao akipigwa mahali ambapo refa amenunuliwa, na bado akiinuka. Hilo lilieleweka bila mkalimani. Ndiyo maana kumsifu Chigusa ni kazi nyepesi, imefanywa na wengi. Mimi sifa zangu nampelekea Dump.

Kwa sababu kupendwa kuna posho yake. Kuchukiwa, je? Dump aliilinda sura yake ya uovu hata nje ya ukumbi, na baadaye amesimulia jinsi jamaa zake nao walivyosumbuliwa kwa ajili yake. Angelegeza kidogo, akatabasamu mara moja mahali pasipostahili, machozi yote ya Osaka yangegeuka kichekesho. Aliyembeba Chigusa usiku ule ni yule aliyemnyoa. Katika rika letu tulikuwa na wanawake wa namna hiyo pia, waliokubali kuitwa wakali, wenye roho mbaya, ili jambo fulani lifanyike. Tumewataja kwa nadra sana kwenye hotuba zetu.

Marudiano yalikuja tarehe 7 Novemba 1986, na safari hii aliyenyolewa ni Dump. Februari 1988, pale Kawasaki, akaaga. Siku hiyo, baada ya pambano la kuaga, kwa dakika chache alisimama kona moja na Chigusa, bega kwa bega. Chigusa naye aliaga Mei 1989, akiwa na miaka ishirini na minne.

Dump aliacha wanafunzi. Bull Nakano na Aja Kong wote walipita kwenye kundi lake, na wao walipogeukiana hakukuwa tena na mrembo wa kuonewa huruma: majabari wawili. Katika pambano la ndani ya kizimba cha chuma huko Yokohama, Novemba 1990, Bull alipanda hadi juu kabisa, akakutanisha viganja kama anayesali, kisha akajirusha mguu ukitangulia juu ya Aja aliyekuwa amelala chini. Kwa ufundi, huenda pambano lile ni bora kuliko la Osaka. Lakini bila Osaka, nani angewaruhusu wanawake wawili wa miraba minne wawe nyota wa jioni?

Ile sheria ya miaka ishirini na sita haikudumu. Chigusa alirudi ulingoni, na mwaka 1995 kampuni yake mwenyewe, GAEA Japan, ikafanya onyesho lake la kwanza. Miongoni mwa mabinti aliowafunza alikuwamo Meiko Satomura, aliyeanza akiwa na miaka kumi na mitano na kustaafu Aprili 2025 akiwa na arobaini na mitano, kwa tarehe aliyojichagulia. Ile tamthilia ya wajukuu zangu, aliyewafundisha waigizaji wake kupigana ni Chigusa huyo huyo. Dump ameshavuka sitini, na amekuwa akipanda ulingoni hata katika umri huo, uso umechorwa, fimbo ya mianzi mkononi, na watu wazima wenye wajukuu wanalipa kiingilio ili wamzomee.