Mwizi wa Betri Kibara

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, unapita Magu na Lamadi, na ukifika Bunda mjini unageuka kushoto kuelekea ziwani. Njia hiyo inakupitisha Bulamba, inakufikisha Kibara, kisha inaendelea hadi Kisorya, ambako watu hupanda kivuko kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Upande wa kusini ni Ghuba ya Speke. Mashamba ya mihogo yanakaribia maji, na harufu ya dagaa wanaoanikwa inakupokea kabla hujaiona nyumba ya kwanza.

Ndiko nyumbani kwa mume wangu. Tulifika Ijumaa jioni na kijana wetu wa miaka kumi na sita, ndani ya gari letu dogo la mwaka 1993. Mama mkwe alitupokea kwa ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Baba watoto aliegesha gari chini ya mwembe, akafunga milango yote, na funguo akaziweka mfukoni mwake. Alikuwa na sababu.

Akina mama wenzangu, nieleze kwanza jambo lililokuwa limeingia nyumbani kwetu. Kwa mwezi mzima gari lilikuwa likigoma kila lilipolala siku mbili bila kutembea. Siku za kazi liliwaka vizuri. Ikifika Jumatatu asubuhi, kimya. Baba watoto alikata shauri kuwa kijana anaingia garini kwa siri na kusikiliza redio. Kijana alikana. Aliitwa mwongo mbele ya wadogo zake, nami mama yake nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu lingine. Tangu siku hiyo alikuwa anakula haraka na kuondoka mezani.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane, mama mkwe alishikwa na homa kali, akawa anatetemeka na kupumua kwa shida. Baba watoto alikimbilia gari. Starta ilitoa mlio mmoja mdogo, basi. Kwa bahati wavuvi waliokuwa wakirudi na karabai zao walisikia kelele zetu. Walisukuma, kijana wetu akiwa mbele yao wote, na gari likawaka kwa gia ya pili. Kama lingekuwa la gia za kujiendesha, lisingewaka kwa kusukumwa. Hospitali ya misheni iko hapo hapo Kibara, tukafika mapema. Ilikuwa malaria. Asubuhi mgonjwa alikuwa anaomba uji.

Safari hii funguo zilikuwa mfukoni mwa baba mwenyewe. Hakusema neno, lakini nilimwona akimtazama kijana kwa muda mrefu.

Alitaka kwenda Bunda kununua betri mpya. Jirani akatushauri tumwone kwanza fundi wa umeme wa magari pale sokoni. Fundi alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Mama, gari hili halina mchawi. Lina mwizi. Tumpime kwanza, betri utanunua baadaye."

Aliichaji betri usiku kucha. Kesho yake ilisoma volti 12.6, maana yake imejaa. Kisha alizima kila kitu, akachomoa ufunguo, na kwa kuwa alihitaji kufikia fyuzi zilizo ndani, aliacha mlango wazi na kuibana swichi yake kwa gundi ya karatasi ili gari lidhani mlango umefungwa. Akalegeza waya wa betri upande wenye alama ya kutoa. Mita yake aliiweka kwenye kipimo cha ampea 10, ncha moja akaigusisha kwenye betri na nyingine kwenye waya uliotolewa, ili umeme wote upitie kwenye mita. Alituonya tusijaribu kuwasha gari wala taa kubwa wakati huo, maana fyuzi ya mita ingeungua.

Alimpa kijana wetu mita aishike na kusoma kwa sauti. "Sifuri nukta arobaini na tano," akasoma.

Fundi akatueleza. Gari lililolala linaruhusiwa kunywa umeme kidogo tu, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio, na kwa kawaida lisizidi ampea 0.05. Letu lilikuwa linakunywa mara tisa ya kiasi hicho. Betri yetu ni ya ampea-saa 45, hivyo kwa saa mia moja ingekauka kabisa, na kwa kuwa ni kuukuu, starta ingeshindwa mapema zaidi.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja na kuirudisha. Honi, hakuna badiliko. Vipangusio vya kioo, hakuna. Alipochomoa ya taa za ndani na redio, kijana akasema, "Imeshuka, karibu sifuri." Fundi akairudisha, akachomoa waya za redio. Namba haikutikisika. Basi haikuwa redio. Nilimwona baba watoto akiinamisha kichwa.

Fundi akafungua buti na kugusa taa yake ndogo papo hapo. Ilikuwa ya moto. Alipobonyeza swichi yake kwa kidole, taa ilizimika, na kijana akasoma 0.03. Kipande cha bati kinachobonyeza swichi buti inapofungwa kilikuwa kimepinda, kwa hiyo taa ilikuwa ikiwaka usiku na mchana ndani ya giza ambalo hakuna mtu angeliona.

Nilikijua kilichokipinda. Mwezi mmoja uliopita nilishindilia gunia la mchele ndani ya buti ile na kuifunga kwa kuikalia. Nikasema hapo hapo, mbele ya wote.

Fundi alinyoosha bati kwa koleo. Kazi hiyo haikuchukua dakika tano.

Jioni baba watoto alimwita kijana chini ya mwembe, mbele ya bibi yake, akamwambia, "Mwanangu, nilikuita mwongo, na haukuwa. Nisamehe." Nami nilimwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Kijana hakusema mengi. Lakini usiku huo alikaa mezani mpaka mwisho, akimweleza bibi yake habari za ampea, naye bibi akitikisa kichwa kana kwamba anaelewa yote.

Mama mwenzangu, gari lenu likifa kila likilala, msikimbilie dukani, wala msimkimbilie mtoto. Anzeni na mita.