Hatua Nane

Panga likikokotwa juu ya lami hutoa sauti yake peke yake. Si kubwa. Ni mkwaruzo mrefu, mkavu, na usiku utausikia kutoka mtaa wa pili. Vijana wa Kisauni huufanya makusudi. Mmoja anakokota, wa pili anajibu, wa tatu anagonga mabati ya vibanda, na kabla sura zao hazijaonekana maduka yameshafungwa na akina mama wameshavuta watoto ndani, mahamri wameyaacha yakiungua karaini. Mimi ni sajini wa polisi, mzaliwa wa Pwani, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeimaliza Mtopanga, Mshomoroni, Junda na Bakarani. Nataka kueleza jinsi askari anavyofika mahali pa kumpiga mtoto risasi, maana mimi nilifika.

Nasema mtoto, na wako wenzangu wanaonikasirikia nikilitumia neno hilo. Magazeti huandika genge. Majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yametajwa Mombasa kwa miaka, na sikatai kwamba wanaojiita hivyo wamekata watu vichwa na mikono. Nimewabeba waliokatwa. Nimeketi nyuma ya gari nikishikilia kitambaa kwenye shingo ya bawabu aliyekuwa akitoka zamu yake, damu ikinipitia vidoleni, na sikumhurumia aliyemkata. Lakini ukiwapanga mstari asubuhi, pombe na tembe za bugizi zikiwa zimewatoka, unawaona walivyo: mkubwa wao ana miaka 17, mdogo ana 13, na mmoja anakuuliza kama mamake ameambiwa.

Siku yangu ilikuwa baina ya magharibi na isha. Redio iliita: vijana kumi na kitu wamevamia kibanda cha M-Pesa, wamemkata mkono muuza viazi karai, wanashuka njia ya chini. Ndani ya Landikruza tulikuwa watatu. Dereva alikuwa na wiki mbili tu kituoni. Nyuma alikaa konstebo kijana, mbele nilikaa mimi. Bunduki mbili, rungu moja. Gari lilikata kona, tukawakuta pale pale, na likasimama katikati yao. Nilipofungua mlango mvulana mwenye jezi ya mpira alikuwa mbele yangu, panga mkononi. Baadaye umbali ule ulipimwa kwa futi ya utepe, ukawa mita sita na kidogo. Ni hatua nane za mtu mzima.

Alilinyanyua. Katika taarifa yangu niliandika kwamba nilijitambulisha kuwa polisi na kumwamuru aweke silaha chini. Naamini nilisema hivyo. Konstebo, ambaye hana sababu ya kunidanganya, ananiambia nilisema "We!" tu.

Risasi ilimwingia pajani juu ya goti, ikatokea upande wa pili, ikatoboa mlango wa mabati, ikapita ukuta wa udongo wa chumba cha kupanga, na ilikutwa imezama ndani ya godoro. Saa ile hapakuwa na mtu juu yake. Watu wengi hawajui bunduki tunazobeba zilitengenezwa kwa kazi gani. G3 ni silaha ya vita, na risasi yake humpita mtu iliyemlenga na kuendelea na safari. Katika mitaa ya nyumba za udongo na mabati, zilizobanana kiasi cha jirani kusikia jirani akikohoa, hakuna pahali nyuma ya kijana yule palipokuwa patupu. Machi 2020, katika siku za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 aliuawa na risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko, Nairobi. Hakuwa na panga wala jiwe. Kila nikilikumbuka godoro lile namkumbuka yeye.

Wenzake walitawanyika. Nilivua mkanda nikamfunga paja. Panga lake lilikuwa la kufyekea nyasi, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Alikuwa akimwita mamake, na sauti ilikuwa bado nyembamba ya kitoto.

Sheria haikunionea. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linasema askari aanze na njia zisizo za nguvu. Nguvu zikihitajika, zilingane na kosa na upinzani ulioko mbele yake. Bunduki kwanza ni ya kuokoa maisha, yake au ya mwengine. Kabla ya kuitumia ajitaje na aonye, na onyo lipewe nafasi ya kusikiwa. Akijeruhi, atafute matibabu mara moja na jamaa za majeruhi wajulishwe. Mtu akifa au akiumizwa vibaya, habari ifike kwa IPOA, mamlaka huru inayotuangalia sisi polisi. Ni sheria nzuri, nimeisoma mara nyingi kuliko wengi wanaoitaja. Wachunguzi waliniuliza kama panga lilikuwa juu au chini, nuru ilikuwaje, nilipiga risasi ngapi. Nilijibu moja, na ilikuwa kweli. Hatimaye nikaambiwa nirudi kazini.

Walichoniuliza ni kuhusu sekunde ile. Na sekunde ile, ukinirudisha hapo leo, mlango wazi, mtu yuko hatua nane na panga liko juu, sijui ningefanya nini tofauti. Ndiyo maana nimeacha kuifikiria sekunde ile. Ninachofikiria ni dakika mbili za kabla yake.

Kuna kipimo ambacho askari wengi wamekisikia, kilichotoka Marekani mwaka 1983. Mkufunzi mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alipima muda ambao mtu mwenye kisu anahitaji kumfikia askari, akakuta kwamba futi 21, yaani kiasi cha mita sita na nusu, huzimaliza kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ule ule askari anaohitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Mdomo kwa mdomo kipimo hicho kimegeuka ruhusa: mtu akiwa ndani ya mita saba, piga. Mimi pia nilikipokea hivyo. Lakini mtu akikwambia bahari ina kina hapa, hakukupa ruhusa ya kuzama. Anakwambia usikanyage hapo. Anayejua kwamba mita saba ni hatari hana sababu ya kuteremka kwenye mita sita.

Na tazama kiunoni mwetu. Mkono mmoja rungu, mkono mwengine bunduki ya vita. Katikati hakuna kitu. Askari wa doria mtaani mara nyingi hana ngao, wala dawa ya kupuliza machoni, wala fimbo ndefu ya kumweka mtu mbali. Rungu dhidi ya panga ni kutafuta kukatwa. Kwa hiyo mtoto akikusogelea, unaruka kutoka kelele moja kwa moja hadi risasi. Hili nimelisema vikaoni, nikaitikiwa kwa vichwa. Sitaacha kulisema. Lakini hata tukipewa ngao kesho, umbali ndio ngao ya kwanza, na haununuliwi.

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kufika. Gari husimama kabla ya kona, taa kubwa zikimulika mbele, na sisi tunabaki nyuma ya injini. Hatuteremki mpaka tujue wako wangapi na nyumba zipi ziko nyuma yao. Mmoja tu ndiye anayesema. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika: askari watatu wakipiga kelele kwa pamoja, huyu "lala chini", yule "simama hapo", mwengine anatukana, mtoto mwenye bugizi kichwani hawezi kumtii hata mmoja. Mimi husema maneno machache, yale yale, polepole. Nikimjua kwa jina namwita kwa jina. Nikilijua jina la mamake, hilo ndilo bora zaidi. Nimeona panga likishuka kwa sababu nilitaja jina la mama.

Na wakikimbia, mara nyingi huwaacha wakimbie. Vijana wenzangu kazini hawalipendi hili hata kidogo. Wananiuliza, afande, tumekuja kuwapungia mkono? Lakini mtoto anayekimbia amegeuza mgongo, na sheria haikunipa risasi ya mgongo wa anayekimbia. Anakwenda wapi? Anarudi kwa nyanyake. Alfajiri tunakwenda na mzee wa mtaa na mtu wa Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani, tunabisha hodi, tunamtoa kitandani na panga lililofichwa mvunguni. Msimu mmoja tuliwakamata sita hivyo kwa wiki moja. Waliokatwa walipata kesi yenye ushahidi, na hakuna risasi iliyotoka.

Si kwamba njia hii haina gharama. Usiku mmoja niliwaacha wakimbie, na kabla ya kufika majumbani wakamkata mtu wa bodaboda njiani. Alipona, lakini vidole viwili havikurudi. Nilimtembelea. Hakunilaumu, wala sikuweza kumweleza habari za umbali na nyuma ya injini. Mtu anayesema kwamba kazi hii ina jibu moja lisiloumiza mtu hajaifanya.

Kuna nguvu nyengine ambayo haizungumzwi, ile tunayoitumia kumwokoa mtoto kutoka kwa watu. Mara tatu nimemkuta kijana wa panga yuko chini, amezungukwa na umati, tairi limeshaletwa na mtu anauliza petroli iko wapi. Hapo rungu langu halikuwa la kijana. Nimewapiga baba za watu wenye hasira za haki, watu walioibiwa na kukatwa, ili nimfikie aliyewakata. Mmoja wao aliniuliza akilia, "Afande, wewe uko upande gani?" Niliendelea kumburura yule kijana hadi garini. Mara ya tatu nilichelewa.

Na iko nguvu ya tatu, na hiyo nitaitaja kwa kuwa kunyamaza ni kuilinda. Mwaka 2017, mtaa wa Eastleigh, Nairobi, Wakenya waliona kwenye video kijana aliyekwisha kukamatwa akipigwa risasi mchana, mbele za watu. Wengi walishangilia. Huku Pwani pia ziko familia zinazouliza watoto wao walipelekwa wapi. Ninaowasikia wakisema "hawa hawatengenezeki, wamalizwe" si askari peke yao. Wako wafanyabiashara, wako waumini wanaotoka kuswali. Nawaelewa kwa sababu nilimshikilia yule bawabu. Lakini mtoto aliyefungwa mikono hana umbali wa kupimwa. Anayemuua hakukosea hesabu ya hatua, ameua mtu. Na siku inayofuata, nikienda kubisha hodi alfajiri, hakuna mama atakayenifungulia.

Hao akina mama ndio nguzo ya kazi hii yote. Usiku ule wa mkanda, niliposhika njia kwenda kumjulisha mzazi, nilimtambua kabla hajasema neno. Alikuwa amewahi kuja kituoni mara mbili, mara ya mwisho wiki chache nyuma, kuomba mwanawe atiwe ndani "kidogo, atulie", kwa kuwa amekwisha kuacha shule na halali nyumbani. Tulimwambia hakuna kosa lililoandikwa. Hakuna aliyempeleka kwa afisa wa watoto, hakuna aliyeandika hata jina. Mmoja wa waliokuwa zamu siku hiyo ni mimi. Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni pake na damu kwenye mikono ya shati. Alitazama mikono ile, akauliza, "Yu hai?"

"Yu hai, mama."

Akakaa chini kizingitini, asiseme jengine.

Mvulana alilazwa muda mrefu, kisha akafikishwa mahakamani. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe ikiwa hakuna njia nyengine, kwa muda mfupi uwezekanao, na mbali na watu wazima. Kwake yeye ilifuatwa, nashukuru. Alipelekwa Shimo la Tewa, kwenye Borstal, mahali pa kurekebishia vijana, si gereza la wakubwa. Alijifunza useremala huko. Mguu haukunyooka tena.

Mwaka jana nilimwona karibu na stendi ya matatu, akiuza madafu kwenye mkokoteni. Amekuwa mtu mzima, ana ndevu. Nilifikiri kupita, nikaona si uungwana. Alinitambua. Alinikatia dafu moja kwa panga jipya, kwa mapigo matatu safi, akanipa, na nililipokea kwa mikono miwili. Tulizungumza habari za mamake. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu aliyekaa na swali siku nyingi:

"Afande, siku ile mbona mlikuja karibu vile? Mimi nilidhani mwataka kutukanyaga na gari. Nilinyanyua panga nikazuie lile gari."

Nilimwambia dereva alikuwa mgeni, hakuijua kona. Na ni kweli, alikuwa na wiki mbili tu kituoni. Aliwaona kwa mbali akapunguza mwendo, mguu kwenye breki. Aliyepiga dashibodi kwa kiganja na kumwambia "songa, songa" ni mimi. Neno hilo halimo katika taarifa yangu.