Maji ya Udhu na Maji ya Kachumbari

Masika yakishuka hapa Unguja, sisi mafundi cherehani tunaokula pamoja mchana huiogopa kachumbari. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hatujakisahau. Maji ya kisima yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu yanatosha kwa udhu, lakini vimelea havionekani kwa macho. Basi nyanya na matango tunayaosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa mikono iliyonawa kwa sabuni. Mboga zenyewe hatuzitii sabuni. Tango tunaliosha kabla ya kulimenya, kisu kisiingize uchafu ndani. Ndimu ni ya ladha tu. Maji yaliyochemshwa yakikosekana, kachumbari tunaiacha, tunakula mchicha wa moto. Kutawakali ni pamoja na kuchemsha maji.