Taa Inaposema Bongo

Gari la kwanza la mjomba wangu lilikufa kwa neno moja. Taa nyekundu ya mafuta iliwaka kwenye dashibodi, fundi akafungua boneti, akavuta kijiti, akaona mafuta yamefika alama ya juu, akafuta mikono na kusema: "Patron, ile taa iko nasema bongo. Tembeya tu."

Kwa wenzangu wa Tanzania bongo ni akili, au ni Dar es Salaam yenyewe. Kwetu Kolwezi bongo ni uongo. Mjomba akatembea. Siku ya tatu, kabla hajafika Likasi, akiwa na abiria wanne na magunia ya unga, injini ilianza kugonga kama mtu anayetwanga sombe, kisha ikakwama na haikuzunguka tena. Abiria walipanda lori lililokuwa likipita. Gari liliuzwa vipande vipande. Ada yangu ya chuo ilikuwa ikitoka kwenye gari lile, kwa hiyo mwaka ule nilikaa nyumbani.

Gari la pili alilipata kwa likelemba, upatu wa kwetu, baada ya kungoja zamu yake kwa muda mrefu. Likizo iliyopita, katikati ya kiangazi, nyakati ambazo vumbi jekundu la malori ya madini hutanda mpaka kwenye sahani ya chakula, taa ileile iliwaka tukiwa Manika. Safari hii mjomba alizima injini palepale barabarani, huku madereva wakimpigia honi na kumtukana. Tulilisukuma gari mpaka nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Fundi mwingine alikuja, akasikiliza, akatoa hukumu iliyo kinyume cha ile ya kwanza: beringi za kranki zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Bei aliyotaja ilizidi ada yangu ya mwaka. Mjomba alikuwa tayari kulipa. Fundi wa kwanza alisema taa inadanganya, wa pili akasema inasema kweli, na sikumwona hata mmoja wao akiuliza taa yenyewe inasema nini hasa.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Muhula ule tulikuwa tumesoma makala ya Grice ya mwaka 1957 kuhusu maana. Anatenga maana ya asili na maana isiyo ya asili. Madoa yakimaanisha surua, basi surua ipo. Ukigundua haipo, huwezi kusema madoa yalidanganya, utasema hayakumaanisha surua. Neno la mtu ndilo linaloweza kudanganya. Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na wingu halijawahi kuitwa mwongo. Sasa taa ya mafuta iko upande gani? Hakuna mtu anayeitamka, inavutwa na waya tu, kama madoa yanavyoletwa na surua. Na bado Kolwezi nzima inaiita mwongo.

(Ukiitazama, mchoro wake ni chombo cha zamani cha kutilia mafuta, chenye mdomo mrefu na tone linalodondoka. Sijawahi kukiona chombo hicho kwa macho yangu. Abiria mmoja aliuliza kwa nini gari linaomba chai. Peirce angesema ni ikoni. Kwetu sisi ni birika.)

Jibu nililipata chini ya injini. Taa ile haijui lolote kuhusu mafuta. Inaendeshwa na swichi ndogo iliyokazwa kwenye ubavu wa injini, ndani yake mna utando mwembamba na springi. Mafuta yasipousukuma utando, vyuma viwili hugusana, umeme hupita mpaka kwenye mwili wa injini, taa huwaka. Presha ikipanda, mara nyingi hata kwa sehemu ndogo tu ya bar 1, vyuma huachana na taa huzimika. Kwa hiyo taa inatamka sentensi moja tu: umeme wa waya huu umefika kwenye chuma cha injini. Hiyo haiwezi kuwa bongo. "Presha hakuna" ni tafsiri yetu, na tafsiri hukosea. Waya uliochubuka ukagusa injini huleta taa ileile. Swichi iliyochoka huileta. Mafuta mepesi kupita kiasi huileta injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa. Na beringi zilizolika huileta pia, na hizo ndizo zinazoua gari.

Hapo ndipo nilipoona kosa la fundi wa kwanza. Kijiti kinapima wingi, na taa inahusu msukumo. Mafuta yanaweza kujaa hadi alama ya juu na yasifike yanakotakiwa, kwa sababu pampu imechoka au chujio la chini limeziba. Alitumia jibu la swali moja kukanusha jibu la swali jingine. Mtihani wa semantiki ungemnyima alama. Barabara ya Likasi ilimnyima mjomba gari.

Nilimwomba mjomba siku mbili kabla hajalipa. Alinitazama. "Mutoto ya yaya, wewe unasoma maneno."

Aliyeniokoa ni mama, dada yake mkubwa, ambaye ana presha ya damu. Alisema kichwa kikimuuma hanywi dawa kwa ajili ya kichwa. Anakwenda zahanati, wanamfunga kitambaa mkononi, wanapima, ndipo anajua. Mjomba hakuwa na la kujibu, maana mara nyingi yeye ndiye anayempeleka.

Tulianza na kisichogharimu kitu. Tuligeuza ufunguo bila kuwasha injini: taa iliwaka, kama inavyopaswa. Tukauchomoa waya kwenye swichi: taa ikazimika. Ingebaki inawaka, kosa lingekuwa ndani ya waya wenyewe. Yakabaki mawili, swichi au presha ya kweli, na hayo huwezi kuyatenganisha kwa kufikiri, hata usome vitabu vingapi. Nilipouchomoa ule waya niliona kichwa chake kimelowa mafuta, nikataka sana kusema ni swichi. Nilijizuia, nikikumbuka sauti ya kutwanga sombe.

Fundi wa tatu, anayetengeneza magari makubwa ya migodini, alituazima geji ya mkono. Alifungua swichi, akakaza mpira wa geji kwenye tundu lilelile, akatuamuru tuiache injini mpaka ipate moto sawasawa, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na presha yake hupendeza macho bure. Tulisubiri karibu nusu saa. Mjomba hakukaa chini. Injini ya moto, bila kukanyaga: bar 1 na ushei. Mizunguko 3,000 kwa dakika: bar 3 na nusu, sindano imetulia. Fundi alisema presha ile haina ugonjwa.

Tuliikata swichi ya zamani kwa msumeno. Utando ulikuwa umepasuka na mafuta yalikuwa yakipenya mpaka kwenye vyuma. Swichi mpya ilikuwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mjomba aliniuliza kama ile ya gari la kwanza nayo ilikuwa hivi. Nilimwambia hapana, ile ilikuwa imesema kweli. Alinyamaza muda mrefu kidogo, kisha akaenda kunawa mikono.

Siku hizi kila asubuhi anageuza ufunguo nusu na kungoja birika liwake kabla hajawasha injini. Juzi alinipigia simu nikiwa maktaba.

"Mutoto ya yaya, leo haikuwaka hata kidogo. Ni muzuri, ao?"

Nilitoka nje ili nimsikie vizuri. Nikamwambia: "Yomba, usiwashe injini. Mwite fundi aangalie balbu na waya kwanza."