Kikwembe cha Dola Mia na Safari ya Mubi



Mkutano wa juma lililopita ulichukua karibu saa nzima juu ya uniforme ya tarehe 8 Machi. Kuna waliosema mwaka huu tununue hollandais ya kweli, ili tukipita watu waone kwamba sisi pia ni watu. Kuna walionyamaza. Niliwaangalia wale walionyamaza, nikakumbuka kikwembe changu kimoja na safari niliyofanya nacho mpaka Mubi. Nikaahidi kuiandika. Ndiyo hii.

Ilikuwa kiangazi, miaka kadhaa iliyopita, barabara ikiwa bado inapitika. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Mubi, kule Walikale, na mimi ndiye shangazi. Mnajua shangazi ni nani siku ya ndoa. Anakaa mbele, mahari inapita machoni pake, na yeye mwenyewe anapimwa kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kiatu. Nikajiambia siwezi kusimama mbele ya wakwe na kikwembe cha kila siku. Wakati ule nilikuwa nimepata mkopo wa AVEC yetu kwa ajili ya mbegu za viazi na karo ya watoto. Nilishuka Goma kutafuta mbegu, nikaingia katika duka moja la vitambaa "kuangalia tu". Nilitoka na yadi sita za Super Wax, na mbegu nikanunua nusu. Kitambaa kilipita dola mia moja. Hesabu kamili sitaiandika, kwa sababu mume wangu naye husomewa karatasi hii.

Niwaambie kwanza nilikuwa nimenunua nini, maana wengi wetu tunalipa bila kujua. Kitambaa tunachokiita hollandais kinatoka kweli Uholanzi, katika mji wa Helmond, kwenye kiwanda cha Vlisco kilichoanza mwaka 1846. Waholanzi walikuwa wameona batiki za Java, zile zinazochorwa kwa nta na mkono, wakataka kuzitengeneza kwa mashine na kuwauzia Wajava wenyewe. Nta yao ya mashine ilikuwa inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha mistari midogo kama mishipa. Wajava hawakuipenda. Waliokuja kuipenda ni watu wa Afrika ya Magharibi, na mpaka leo ile mishipa ndiyo mama mwenye macho anaitafuta sokoni ili ajue kama ni ya kweli. Kwa hiyo kile tunachokiita vazi la asili la mwanamke wa Kiafrika kilianza kama mali iliyokataliwa kwingine. Sisemi hivyo kwa kukidharau. Wamama wetu wamekifanya kuwa chao. Wauzaji wakubwa wa Lomé, wale walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari yao ya Mercedes, ndio waliokipa michoro majina: mmoja ni Mume Wangu Anaweza, mwingine, wenye ndege anayetoka kizimbani, ni Ukitoka Nami Natoka. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kushika hollandais mkononi, alivaa Sotexki ya Kisangani, ikafuliwa mtoni miaka, akaolewa nayo na kuzaa nayo, na hakuna aliyemwambia hakupendeza.

Turudi barabarani. Kutoka Sake unapanda, na ukifika Mushaki baridi inakuingia mifupani hata jua likiwaka. Vilima ni vya kijani, ng'ombe wamesimama kwenye mteremko kana kwamba wamebandikwa, na kando ya njia wanauza jibini za duara. Angalieni wamama wa pale wamevaa nini: buti za mpira, kikwembe kilichofungwa juu kidogo kukwepa matope, na sweta nzito ya mitumba. Ile sweta inafunika kila kitu. Hata ungevaa kitambaa cha malkia, pale Mushaki mtu ataona sentimita ishirini zake chini ya magoti, na hizo zina vumbi. Hata hivyo nilimwona mama mmoja mwenye mzigo wa kabichi mgongoni, sweta yake rangi ya haradali, kikwembe cha kijani kilichopauka, na kitambaa chekundu kichwani. Nilimgeukia mpaka motari akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Masisi Centre nilimwachia fundi kazi ya kushona: libaya na sketi, na kipande cha kujifunga juu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. Kwa sababu kitambaa ni cha bei, nilimwambia asikate sana. Aache nafasi pembeni, aache pindo nene, kesho nikinenepa kiweze kufunguliwa. Asitupe hata kipande. Alinitii. Mchoro wangu ulikuwa na maduara makubwa kama sahani, na kwa kuogopa mkasi hakuyapanga: duara moja likakaa nusu kifuani, lingine likakatika kwapani. Hollandais mpya ina ugumu wake pia, haijalegea. Mimi ni mfupi. Nilipojitazama kwenye kioo chake niliona sanduku lenye kichwa. Lakini nilijiambia, ni hollandais.

Tulilala Nyabiondo, kesho yake tukaendelea kupitia Kashebere na Kibua. Huko njia inaacha malisho na kuingia msituni, sweta inavuliwa, na kabla hujafika Walikale umelowa jasho. Mababu wa msituni walijifunga magome ya mti yaliyopondwa mpaka yakawa laini, na katika joto lile niliwaelewa. Kikwembe changu kilikuwa kwenye begi, ndani ya plastiki, kama mgonjwa.

Mubi ni mji wa biashara, na biashara yake inajulikana. Si mbali na hapo ni Njingala, ambako kwa miaka mingi vijana walianzia kutembea zaidi ya kilomita 40 msituni mpaka Bisie na kurudi na kasiterite mgongoni, kilo 50 kwa mzigo. Ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuyabeba madini kwenda Goma, na zikija zinaleta bia, sabuni, na vikwembe. Siku hizi mgodi mkubwa wa Bisie ni wa kampuni ya Alphamin. Lakini tabia ya pesa ya haraka imebaki: mtu akiuza mzigo, kesho yake mke wake ana Super Wax. Katika mji ambao nyumba nyingi ni za mbao na mtu hajui kama mwezi ujao atakuwa hapo, nguo ndiyo ukuta unaoweza kutembea nao. Ninawaelewa. Ila ilimaanisha kwamba kikwembe changu, nilichodhani kitawanyamazisha watu, kilikuta vingine vinne vya aina yake pale uwanjani.

Siku ya ndoa nilivaa. Mama mmoja wa upande wa wakwe alinisalimia vizuri, akanishika mkono, kisha bila haya akainama na kugeuza ukingo wa kikwembe changu kusoma maandishi. Alipoona VLISCO akatikisa kichwa kwa heshima. "Ni ya kweli," akawaambia wenzake. Wa pili akauliza nilinunua wapi. Wa tatu akauliza bei. Wa nne akauliza mume wangu anafanya kazi gani. Niliwajibu wote, nikiwa nimevimba kichwa. Jioni tu, nikivua viatu, ndipo nilipokumbuka kwamba katika siku nzima hakuna hata mmoja aliyesema, "Shangazi, umependeza."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa mke wa mwalimu mmoja wa pale. Alivaa wax ya Kichina, ile ya dola kumi na kitu, bluu ya usiku yenye majani madogo ya njano. Kitambaa chepesi. Mchoro mdogo, kwa hiyo haukukatika vibaya popote. Libaya ilikaa begani kama imemwagwa hapo, kiunoni ilibana kidogo, na sketi ilimwacha atembee. Wasichana walimzunguka. Nilisikia wanamuuliza, "Nani amekushonea?" Yeye waliuliza fundi, mimi waliuliza bei. Nimeligeuza hilo kichwani miaka yote hii.

Kesho yake nilimtafuta huyo fundi. Alikuwa chini ya kibaraza cha bati, mashine ya kukanyaga kwa miguu, kanda ya kupimia shingoni. Nilimwonyesha nguo yangu. Aliigeuza ndani nje, akaona nafasi zote zilizoachwa, akacheka kwa adabu. "Mama, hawa wenye vitambaa vya bei ndio wananipa shida. Nikishika mkasi wanafumba macho. Mama wa dola kumi ananiambia: fundi, kata, nataka nipendeze."

Sasa, msije mkasema ninaidharau hollandais. Nikweli nimeifua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na rangi bado iko, pande zote mbili, mbele na nyuma sawasawa. Zile za bei rahisi, nyingi zimechapwa upande mmoja, na baada ya kufuliwa mara tatu ule wanga unatoka na kinabaki kitambaa cha kufungia mtoto. Na kuna jambo lingine, kubwa kuliko hilo. Nikirudi kutoka Mubi nilikaa siku mbili Masisi Centre kwa mjane mmoja aliyekimbia vita kutoka kijiji cha mbali. Alikimbia na watoto na kifurushi kimoja. Katika kifurushi hakuweka sufuria. Aliweka vikwembe sita vya hollandais vya mahari yake, ambavyo hakuwahi kushona. Aliviuza kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa unga, cha pili dawa ya malaria ya mtoto, cha tatu kodi ya nyumba. Nilipomtembelea alikuwa amebaki na viwili. Aliniambia angekuwa na pesa taslimu wangemnyang'anya njiani, lakini kikwembe alijifunga tumboni chini ya kikuukuu.

Kwa yule mjane, kitambaa cha bei kilikuwa benki, na benki nzuri. Lakini angalieni: vilimsaidia kwa sababu havikukatwa. Uzuri haukuwa kazi yake. Sisi tunayachanganya hayo mawili. Tunanunua akiba, tunaishona kama pambo, halafu tunaogopa kuikata kama pambo kwa sababu bado ni akiba. Ndiyo maana wenye mishahara wetu, wake za watu wa ofisi na wa mashirika na wa madini, mara nyingi wanapita Jumapili wakiwa wamevaa nguo za bei kubwa zinazowalegea mabegani.

Wanaume nao wasitucheke. Wanaojiita sapeurs, waliomfuata marehemu Papa Wemba, wanalala njaa ili wavae viatu vya Weston. Na wazee wanakumbuka miaka ya 1970, Mobutu alipokataza suti na tai, mwanaume avae abacost na mwanamke asivae suruali. Mpaka tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, tai zikaruhusiwa tena, na ghafla kila mwanaume mwenye kazi akawa na tai shingoni, hata katika joto la Walikale. Sikumbuki mtu akiuliza kama inampendeza.

Nimalizie yangu. Mbegu nusu zilizaa viazi nusu. Mwana wangu wa pili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa majuma matatu akichunga mbuzi huku wenzake wakifanya mitihani. Mkopo nililipa kwa kuchelewa, na faini juu, mbele ya wenzangu wote wa AVEC, na baadhi yao ndio mnaosoma hapa. Ile siku ya faini nilikuwa nimevaa nini? Sweta.

Wawili kati ya wale walionyamaza juu ya uniforme hawakuja Jumatano hii. Nilipita kwao. Mmoja alisema ana kazi shambani, mwingine hakusema kitu, alinikaribisha tu chai. Kwa hiyo ombi langu kwa kamati, kabla pesa hazijakusanywa, ni hili: tuchague rangi, tusichague kitambaa. Bluu, kwa mfano, kila mama ana ya bluu sandukuni, ya Uholanzi au ya China au ya Sotexki ya mama yake. Na kile kidogo tutakachochanga kiende kwa fundi, ili kila mmoja apimwe.

Mimi nitakuja na ile ya Mubi, maduara yake ni ya bluu. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi, nikamwambia akate. Ameipunguza begani na kiunoni, na katika zile nafasi nilizokuwa nimeficha kimetoka kipande cha kutosha vitambaa viwili vya kichwa. Viko hapa nyumbani. Anayekosa cha bluu apite avichukue.